Moto Ambao Hatukuuomba Mwabagembe

Athanasi Marcelo alisimama mbele ya mkutano wa Mwabagembe, wanaume wakiwa na pinde zao, wanawake na watoto mgongoni, akasema kwamba mimi, Ng'washi binti Mabula, ndiye niliyemkataza kuomba moto. Ni uongo. Mimi ndiye niliyemsihi auombe. Nilikuwa nimeshika kigae mkononi niende kuuomba mwenyewe, akaninyang'anya. Kwa uongo ule nimetengwa na kijiji anakoishi mwanangu wa pekee, na huu ni mwaka wa sita.

Nitaeleza tangu mwanzo, maana hapa Somanda watu wanasema mengi na hakuna hata mmoja aliyekuwepo, isipokuwa Sayi, na huyo nitamfikia.

Sikwenda shule kwa sababu baba yangu alikuwa kipofu. Alikuwa mfumu, mganga wa mizizi, na kazi yake ilikuwa ya kutembea. Nilipofika miaka saba alinishikisha ncha ya fimbo yake akasema, "Kuanzia leo macho ni wewe." Wenzangu wakiimba herufi darasani, mimi nilikuwa navuta fimbo kwenye milima ya mawe, siku nne, siku tano, tukilala kwa watu. Hakuona kitu lakini miguu yake ilijua kila mahali. "Panda hapo juu, kuna jiwe limeshika maji," alikuwa akisema, na nikipanda nayakuta. Alinifundisha njia na alinifundisha adabu za kila kijiji, maana kipofu na mtoto wa kike wakikosa adabu hawana mbio za kujiokoa.

Adabu iliyo kubwa kule mgongoni mwa milima ni ya moto. Mgeni hawashi moto wake. Anatelemka kijijini na kigae cha chungu, anapiga magoti kwenye boma la kiongozi, anapewa kaa kutoka mafigani. Akilala karibu na moto ule, kijiji kizima kinajua yuko chini ya nani. Anayewasha wa kwake juu mlimani ni mwizi wa ng'ombe anayengoja giza. Ilikuwa hivyo zamani, na sungusungu walipoanza kulinda vijiji, wakati wezi walipokuja na bunduki wakachukua mazizi mazima, jambo hilo likawa halina mchezo tena.

Mume wangu Januarius alipofariki nilihamia Somanda nikawa nauza uji na michembe ya viazi vikavu karibu na hospitali. Mwanangu Malimi alikuwa ameshaolewa Mwabagembe, kwa ng'ombe kumi na wawili, kwa watu wazuri. Nilisikia amejifungua mtoto wa kike. Ni mwendo wa siku tatu kwa miguu na mwanamke hapiti kule peke yake. Mtoto alitimiza mwaka sijamshika.

Ndipo akaja Athanasi. Ilikuwa mwaka tisini na tano, miaka ya ruksa, kila mtu na biashara yake. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wanakuja na mizani yao, maduka ya mitumba yanafunguliwa kila wiki. Athanasi alikuwa karani Mwanza, akapunguzwa kazi, akafungua kampuni ya kutembeza Wazungu. Alikuwa na kofia, ramani, na leseni aliyoipitisha kwenye nailoni isilowe. Aliulizia mtu anayejua njia za mlimani, akaelekezwa kwangu.

"Mama, wanasema unazijua hata usiku."

"Usiku sitembei. Mchana nazijua."

"Siku sita. Unapika, unaongoza. Tutapita huku, huku, na huku." Alionyesha kwenye ramani. Nilimwambia anitajie vijiji kwa mdomo, akavitaja, na cha tatu kilikuwa Mwabagembe. Sikuuliza jambo lingine.

Tulikuwa watano. Athanasi, mimi, mtu na mke wake Wazungu, Pauli na Ingridi, na mpagazi mmoja, Sayi, mtoto wa shangazi yangu, mwanaume wa maneno mengi. Gari lilitushusha mahali barabara inapoishia, Sayi akabeba mahema mawili na sufuria, akaanza kulalamika siku ileile. "Dada, kichwani mwa punda kuna akili kuliko kwangu. Punda angekataa."

Siku ya kwanza nilitelemka kuomba moto, nikapewa, tukalala vizuri. Siku ya pili vilevile, ila kiongozi wa kijiji kile alikuwa mzee wa kuuliza. Aliuliza wageni ni ukoo gani, wana ng'ombe wangapi kwao, kwa nini wanatembea na hali wana gari. Asubuhi akataka awasindikize mwenyewe, lakini kwanza anywe uji, kwanza amtafute mwanawe, kwanza avae. Jua lilikuwa juu tulipoondoka. Athanasi alikuwa anatazama saa yake kama mtu anayeumwa jino.

"Gari linatungoja siku ya sita saa nne," aliniambia. "Hawa watu wako wananipotezea siku. Mimi nina leseni ya wilaya. Nani mkubwa, wilaya au huyu mzee?"

"Kwenye mlima huu ni huyu mzee," nilimjibu.

Alicheka. Sikupenda kicheko kile.

Siku ya tatu hofu ilianza. Ilikuwa Agosti, nchi imekauka, upepo unabeba majivu ya mabua ya pamba yaliyochomwa. Tulipopita kisimani tulikuta wanawake watano wanachota. Nikapiga salamu, "Mwadila!" Hakuna aliyeitikia. Nimetembea milima ile tangu nina miaka saba na sijawahi kutoa salamu ikaanguka chini. Ingridi akatoa kamera. Wakajitwika ndoo wakaondoka bila kukimbia, mmoja akaacha yake palepale, imejaa. Ndoo ya maji haiachwi mwezi wa Agosti.

"Wameogopa kamera," Athanasi alisema.

"Wametuogopa sisi," nikamwambia. "Leo hatuna msindikizaji. Yule mzee alitaka atufikishe mpaka mpakani, ukamrudisha njiani."

"Mama, tembea."

Nikatembea. Upande wa pili wa bonde, kwenye mgongo mwingine, niliona wanaume wawili wanakwenda tunakokwenda. Tukisimama kunywa maji, nao wanasimama. Sikuwaonyesha Wazungu. Nilimwonyesha Sayi, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Sayi akanyamaza. Baadaye walikuwa wanne. Kisha filimbi ililia, mara moja, fupi, mbele yetu, na nyingine ikaitikia nyuma.

Lazima niseme kwa nini niliogopa kuliko wenzangu. Mwaka ule, katika vijiji vya upande huo, wanawake wawili watu wazima walikuwa wamekatwa mapanga kwa kuitwa wachawi. Kosa lao lilikuwa macho mekundu. Mimi nimepika kwa moto wa kinyesi cha ng'ombe maisha yangu yote, na tangu nianze kupika uji wa Somanda macho yangu hayajawa meupe. Mwanamke mgeni mlimani, mwenye macho kama yangu, mtoto wa mganga, anaongoza watu wasiojulikana. Nilijua naonekanaje kutoka ng'ambo ya bonde.

Jioni tulifika juu ya Mwabagembe. Chini niliona paa la nyumba ya mwanangu, moshi unatoka. Niliona mtu mdogo anatembea uani, anaanguka, anainuka. Mjukuu wangu. Nilisimama pale nikasahau woga wote.

Halafu Athanasi akasema, "Hema hapa. Hatutelemki."

Nilichukua kigae nilichokuwa nimekifunga kwenye khanga tangu siku ya kwanza. Nikamwambia, "Baba, ngoja niende mara moja. Ni hapo chini. Kiongozi wao ni Luhende, ananijua, mwanangu ameolewa hapa. Nitarudi na moto kabla hujamaliza kusimamisha hema."

"Ukienda utarudi na kijiji kizima. Watauliza ukoo mpaka kesho saa sita."

"Wasipoombwa moto watakuja wenyewe."

"Tuna kiberiti, mama!" Alikitoa mfukoni akakitikisa. "Kiberiti! Mnaishi karne gani nyie?"

"Bwana Athanasi, nakuomba. Nakupigia magoti." Na nilipiga magoti, kwenye mawe, mbele ya Sayi na mbele ya wale Wazungu. "Wametufuata tangu asubuhi. Wanangoja waone tutafanya nini na moto."

Aliinama akakivuta kigae mkononi mwangu akakirusha kwenye miamba. Kilipasuka. Ingridi alikuwa amekaa kwenye begi lake hatua tatu kutoka kwetu, akasimama, akamwuliza kitu kwa lugha yao. Athanasi alimjibu huku anatabasamu. Ingridi hakutabasamu. Alinitazama mimi, akatazama vipande vya kigae.

Kosa langu nalisema mwenyewe. Ningeweza kwenda bila kigae. Jua lilikuwa linazama, filimbi zilikuwa zimenyamaza, na kati yangu na nyumba ya mwanangu kulikuwa na vichaka ambavyo sikujua ndani yake wamelala wangapi. Nilibaki nimepiga magoti mpaka Athanasi alipowasha moto, mkubwa, ili Wazungu waote, na ukaonekana kutoka vijiji vitatu.

Sikulala. Hakuna aliyekuja, na hiyo ndiyo ilinitisha zaidi.

Mapambazuko walipiga mwano. Asiyeujua mwano, ni ukelele unaoanzia kwenye boma moja na kupokewa na boma linalofuata mpaka nchi yote inalia. Anayeusikia anachukua silaha anakimbilia unakotoka. Na kuna sheria moja ambayo mtoto wa kwetu anaijua kabla hajaota meno: anayekimbilia kwenye mwano ni jirani, anayeukimbia ni mwizi.

Athanasi alikimbia. Alitoka kwenye hema na kiatu kimoja, amekumbatia mfuko wa leseni, akaelekea upande wa magharibi. "Kimbieni!" alipiga kelele. Pauli akaanza kumfuata. Nilimshika shati. Sijui lugha yake, lakini nilimvuta mpaka akakaa chini, nikamketisha na Ingridi, nikawavua viatu kwa mikono yangu mwenyewe, nikaweka mikono yao magotini, viganja juu. Nami nikakaa mbele yao. Sayi alikuwa amejifunika hema kichwa na miguu yote nje.

"Sayi, toka ukae!"

"Dada, mimi sipo."

"Watakuchoma mshale wa matako. Toka!"

Akatoka akakaa.

Walitokea kila upande. Sikuhesabu. Niliona ncha za mishale na niliona kwamba zimepakwa sumu. Kijana mmoja alinisukuma kwa mguu, nikaanguka ubavu. "Tazameni macho yake! Ajuza amewaletea wachimba rupia walizofukia Wajerumani! Jana usiku mlikuwa mnachimba, tulisikia mnapigilia!"

"Ni vigingi vya hema, mwanangu," nilisema.

"Mimi si mwanao, mchawi we."

Mkojo ulinitoka. Nalisema hilo kwa sababu wanaosema nilikuwa na kiburi siku ile hawakuona nguo yangu.

Luhende alifika, mtemi wa sungusungu, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, akasema tusiguswe. Tulipelekwa chini, kwenye uwanja wa kupimia pamba, mbele ya ghala la ushirika ambalo sasa lilikuwa tupu na popo ndani. Athanasi aliletwa baadaye kidogo, kati ya wanaume wawili, amekatwa na miiba usoni. Wanawake walisimama nyuma. Nikamwona Malimi. Alikuwa amembeba mtoto na mkono ameuweka mdomoni.

Luhende hakupiga kelele. Aliuliza polepole.

"Moto ule wa juu ni wa nani?"

Athanasi alisema ni wa wageni, akatoa leseni yake. Luhende aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akamrudishia kwa heshima.

"Nimeona. Ni karatasi nzuri. Sasa sikiliza, ngosha. Mgeni hana macho, na asiye na macho hatumpigi akikanyaga mbegu. Lakini mlikuwa na huyu mama. Huyu ni mtoto wa Mabula, anaijua sheria ya moto kuliko mimi. Nataka kujua jambo moja tu. Alikwambia uombe, au hakukwambia?"

Athanasi alitazama mishale. Nilimwona anaitazama mmoja mmoja. Angesema kweli, kosa lingekuwa lake, na yeye ndiye aliyekimbia mwano. Nami nilijua, kabla hajafungua mdomo, kwamba ataniuza.

"Hakuniambia," alisema. "Niliuliza kama kuna desturi. Akasema hapana, mambo hayo yamepitwa na wakati, tusonge tu mbele. Mimi mtu wa mjini, mzee wangu, ningejuaje?"

"Mwongo!" nilipiga kelele. "Nilikupigia magoti! Kigae changu kiko juu, kimepasuka, nendeni mkaone!"

"Milima yote ina vigae," mtu mmoja alisema, na watu wakacheka.

"Nani alikuwepo?" Luhende akauliza.

"Sayi alikuwepo. Sayi, sema."

Sayi alitazama chini. Athanasi alikuwa amemwahidi kazi ya safari zote zitakazofuata. "Mimi nilikuwa nafunga mizigo, bhabha," alisema. "Sikusikia maneno yao."

Ndipo Ingridi alipoinuka. Alizungumza kwa nguvu, uso mwekundu. Alininyooshea kidole mimi, akaonyesha mlimani, akafanya mikono kama anayeshika kitu, kisha kama anayekinyang'anya na kukitupa. Akamwonyesha Athanasi. Kila mwenye macho angeelewa. Luhende akainamisha kichwa kusikiliza, halafu akamgeukia Athanasi.

"Anasemaje?"

"Anasema ana kiu," Athanasi alisema. "Maji yake yalimwagika huko juu. Anaomba maji."

Wakamletea maji kwenye kibuyu. Ingridi alikipokea, akakitazama, akanitazama, na machozi yakamtoka. Watu wakasema, maskini, kweli alikuwa na kiu sana.

Hukumu ilikuwa fupi. Wageni wasindikizwe salama mpaka kwenye gari lao. Mimi, niliyejua nikanyamaza, nitengwe. Asinipe mtu moto, wala maji, wala salamu, katika Mwabagembe na vijiji vinne vinavyoshirikiana nayo. Atakayenipa naye ametengwa. Hukumu itaondoka siku itakapoletwa shahidi kwenye uwanja uleule aseme mbele ya watu walewale kwamba nilisema.

Malimi alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Mumewe alimshika mkono juu ya kiwiko, si kwa ukali. Mtoto alikuwa ananitazama mimi, kidole mdomoni. Nilifungua kinywa nimwite, nikakumbuka kwamba nikimwita na akaitika, nimemtoa nyumbani kwake. Nikakifunga. Malimi alishusha macho, na sijawahi kumlaumu.

Tulitembea siku tatu nyingine. Wasindikizaji walikwenda mbele na wageni, mimi nyuma peke yangu, na kila tulipopita boma watu waliingia ndani. Kila kichaka kilichotikisika nilidhani ni yule kijana. Ingridi alikuwa anachelewa makusudi, anaacha chupa yake ya maji juu ya jiwe, anaendelea. Nilikunywa hizo tu.

Hapa Somanda mjini hukumu ya sungusungu haifiki, watu wananisalimia na uji wangu wananunua. Lakini mwanangu sasa ana watoto watatu, na wawili kati yao sijui hata sura. Mwaka juzi alikuja mnadani na mumewe. Tulikutana macho kati ya nguo za mitumba. Alisimama. Kisha akaona mtu wa kijijini kwao, akavuta khanga usoni akapita kando yangu karibu sana, bega likagusa bega. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya miaka sita.

Nilimfuata Athanasi Mwanza. Siku hizi ana ofisi yenye picha za milima ukutani, na katika picha moja nipo mimi, nimejitwika sufuria. Alinikalisha kwenye kiti.

"Mama Malimi, yale yalikwisha. Ningesema vile ulivyotaka, wangeniua."

"Wasingekuua. Luhende alishasema mgeni hapigwi."

"Wewe ulijua hivyo. Mimi nilikuwa naiona mishale." Akafungua kabati akanitolea doti ya khanga. "Chukua. Nisamehe."

"Twende Mwabagembe. Siku tatu tu."

"Kule sirudi, mama. Naogopa."

"Na mimi naogopa kila siku," nilimwambia. Khanga niliiacha juu ya meza.

Luhende simdai. Alihukumu kwa alichosikia, na mara mbili amenitumia ujumbe kwamba uwanja uko wazi. Sayi namdai, maana alisikia kila neno. Ana kibanda cha kutengeneza baiskeli hapa Somanda, hatua mia mbili kutoka kwangu, na anionapo anainama kwenye tairi. Anadaiwa kusimama na kusema, "Nilisikia." Lakini Sayi ameapa kwamba hatatangulia kabla ya bosi wake wa safari.

Kwa hiyo deni kubwa ni la Athanasi Marcelo. Anadaiwa kutembea siku tatu, kusimama kwenye uwanja wa pamba wa Mwabagembe mbele ya watu walewale, na kusema kwamba Ng'washi binti Mabula alimwomba kwa magoti akakataa, na kwamba yule mama wa Kizungu hakuomba maji. Hajalipa.